Betri ya Mzee Ngowa

Kilichokuwa kikimtesa Mbeyu ni kifua cha baba yake. Kila alipokwenda nyumbani Vitengeni alikisikia kabla hajafika uani: kikohozi kirefu, kikavu, kinachoanza polepole na kumalizikia mzee ameinama, mkono mmoja ukutani, anahangaika kuvuta pumzi. Kisha, kama kwamba hayo hayatoshi, mzee hujifuta midomo, akapapasa mfuko wa shati na kutoa sigara.

Daktari aliyemwona Kilifi hakuzunguka mbuyu. Alisema mapafu yameharibika, yaliyobaki yatunzwe, na sigara iachwe leo hii. Ni rahisi kusema leo hii ukiwa umekaa kwenye kiti cha daktari. Mzee Ngowa aliacha asubuhi, akarudia adhuhuri. Alitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Alitafuna karanga, alitafuna vijiti. Mkewe, Nyale, mama yake Mbeyu, alimfichia kiberiti, naye akawa anatembea kwa majirani akiomba moto kana kwamba mkaa wa jikoni umezimika. Siku moja Mbeyu alimkuta nyuma ya choo, sigara mkononi, anavuta huku machozi yanamtoka. Mtu huyu alizika watoto wawili bila kudondosha chozi mbele za watu. Sasa analia kwa ajili ya kitu kirefu kama kidole.

"Siwezi, mwanangu," alimwambia. "Nimejaribu. Siwezi."

Mbeyu alirudi Malindi siku ile akiwa hana raha hata chembe. Yeye ni fundi wa simu, ana kibanda chake karibu na soko, na wateja wanamjua kwa ubishi wake na kwa mikono yake isiyotetemeka. Ukimletea simu iliyoanguka majini atakugombeza kwanza, aitengeneze baadaye. Na ufundi huo hakuupata bure. Alipokuwa msichana, baba zake wadogo walisema mtoto wa kike anayefungua redio atawachomea nyumba. Mzee Ngowa hakubishana nao. Alichukua redio yake mwenyewe, nzima, inayoimba, akaiweka mapajani pa Mbeyu mbele yao wote na kumwambia aifungue. Basi mtu kama huyo akikuambia hawezi, utakaaje tu na kumtazama akifa?

Wazo lilimjia kibandani. Vijana wa ufukweni na wageni huwa wanamletea sigara za umeme zilizogoma kuchaji: vijibomba vyenye betri ndani, koili ya kupasha moto, na maji yenye nikotini yanayogeuka mvuke. Mbeyu alikuwa akizitengeneza kwa kuzidharau. Sasa akaanza kuzitazama kwa jicho jingine. Hakujidanganya kwamba ni dawa. Alijua nayo ni sumu, ila haina majani yanayoungua wala lami inayoganda kifuani. Alikuwa ameishiwa na mengine yote.

Zile za dukani hazikumfaa mzee. Zimezibwa, betri ikifa unatupa kitu kizima, na Vitengeni atapata wapi nyingine? Kwa hiyo akaamua kumtengenezea. Alichukua ganda la tochi ya chuma, akatia kibao cha umeme alichokitoa kwenye sigara ya umeme iliyovunjika, kile kinachokata umeme chenyewe betri ikichoka au waya zikigusana. Akatoboa matundu mawili kitakoni, ili betri ikichafuka hewa yake ipate pa kutokea isilipuke kama bomu. Kazi hiyo yote ilimchukua muda mfupi. Betri ndiyo iliyomhangaisha.

Maana alikuwa amekwisha kuliona paja la Gerishom. Gerishom ni mwongoza watalii, mcheshi, mtu wa kuvaa suruali zilizonyooshwa pasi. Alitia betri ya sigara yake ya umeme mfukoni pamoja na funguo za nyumba. Funguo zikagusa kichwa cha betri na ubavu wake, na suruali ikawaka moto akiwa anawaeleza wageni habari za magofu ya Gede. Alikuja kibandani baadaye anachechemea, akamwonyesha Mbeyu kovu: jekundu, limekunjamana, pana kama kiganja. "Nilipiga kelele kwa lugha zote ninazozijua," alisema, na wakacheka, lakini Mbeyu hakulisahau lile paja. Hicho ndicho kitu anachotaka kumpa baba yake akiweke mdomoni.

Kwa hiyo alichagua betri kwa hofu. Alikuwa na nyingi za kuokoteza, alizozitoa kwenye kompyuta mbovu, na fundi mwingine angevalisha moja ngozi mpya ya plastiki, ikang'aa, akaitumia bila wasiwasi. Mafundi wa namna hiyo wapo, na Mbeyu akiwapata atawapa vidonge vyao. Zile ni betri za kutoa umeme kidogo kidogo. Ukizilazimisha zitoe mwingi kwa mkupuo zinapata joto. Akaziweka kando. Kulikuwa na zile za tochi zinazouzwa barabarani, zimeandikwa namba kubwa za ajabu za kiasi cha umeme uliomo. Aliipima moja kwa mkono, ikawa nyepesi kama ganda tupu. Akaenda kwa Jignesh.

Jignesh ana duka la vifaa vya umeme aliloachiwa na babake, mzee Kanji, na amezaliwa Malindi hiyo hiyo. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Mbeyu.

"Hii imeandikwa elfu tisa," Mbeyu alisema, akaiweka ile betri ya tochi juu ya meza.

Jignesh aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa samaki aliyeoza. "Dada Mbeyu, wataka kunitukana dukani kwangu? Betri ya kimo hiki haifiki hata nusu ya hiyo. Aliyeiandika ni mwongo, na mwongo wa namba huwa mwongo wa yote. Ni ya nani?"

"Ya baba."

"Ya tochi?"

"Ya kuvuta."

Jignesh akaingia nyuma ya duka na kurudi na betri mbili ndani ya vikasha vya plastiki. Zilikuwa na ngozi nzima isiyo na mkwaruzo, jina la kiwanda na kiasi cha umeme ambacho zinaweza kutoa bila kuumia. Mbeyu alizipima, akazipa kazi kibandani, akazishika kila mara kuona kama zinapata joto, akazichaji na kuzimaliza tena na tena. Alikuwa akifanya hivyo huku anaomba Mungu. Zilikaa baridi kabisa.

Alipozipeleka Vitengeni alimkalisha baba yake barazani na kumfundisha kama anavyomfundisha mteja, ila kwa adabu. Usiitie mfukoni na sarafu. Ile ya akiba ikae kwenye kikasha chake. Chaji kwa chaja hii tu, kwenye kibanda cha sola pale senta, na usiiache peke yake. Ngozi ikichanika, usitumie, nipigie. Mzee akayarudia yote neno kwa neno. Nyale alikuwa jikoni. Alipita mara moja na vikombe vya chai, akatazama na kutikisa kichwa.

"Haya, mzee sasa anavuta tochi."

Wakacheka wote watatu. Nyale akarudi jikoni kuangalia mahamri yasiungue, na somo likaendelea bila yeye.

Miezi iliyofuata Mbeyu alikuwa na furaha ya kuogopa. Kikohozi hakikuisha, lakini kililegea. Mzee alianza kwenda tena shambani kuangalia mihogo yake. Nyale alisema kwenye simu kwamba usiku sasa analala kitandani badala ya kukaa ameegemea ukuta. Mbeyu hakuthubutu kumwambia mtu kwamba baba yake anapona. Aliogopa kwamba akilisema tu, litageuka.

Halafu siku moja adhuhuri, yumo kibandani na simu ya mtu imefunguliwa mbele yake, mama yake akapiga. Sauti ilikuwa changamfu.

"Mwenye kibanda cha chaji amefiwa, amefunga, yuko matangani. Baba yako alianza kunisumbua, ati anataka sigara. Nikamwambia mzee, tulia."

"Sasa ametumia nini, mama?"

"Si hayo mawe yako? Usihangaike na mambo ya chaji. Mimi nayatia meno kidogo, nayaanika juu ya mabati, yanapata nguvu. Amevuta vizuri tu, jana na leo."

Mbeyu akainuka kitini.

Hakuna mtu aliyekulia kule asiyejua jambo hilo. Betri za redio na tochi, mawe kama wanavyoyaita, yakichoka hayatupwi. Unayang'ata ubavuni mpaka yabonyee, unayaanika juani, na redio inaimba tena angalau mpaka taarifa ya habari iishe. Nyumba nzima hufanya hivyo, kijiji kizima. Na kwa mawe yale ya kawaida hakuna ubaya. Lakini betri aliyoitoa kwa Jignesh ndani yake ina matabaka membamba yaliyokunjwa kama mkeka, yakitenganishwa na kitu chembamba zaidi ya karatasi. Ukiitia jino, matabaka yanaweza kugusana, na jua la mabati likamalizia kazi. Tena lililomponza Nyale ni kwamba betri ya namna hiyo ikipumzishwa kidogo kweli hurudisha nguvu ya mivuto michache. Aliona dawa yake inafanya kazi.

"Mama, usimpe! Mwambie baba asi—"

Simu ikakatika. Alipiga tena, haipatikani. Bila shaka nayo ilikuwa imeishiwa na chaji. Alimpigia jirani, ikaita bila kupokelewa. Alipiga tena na tena, kisha akaacha simu ya mteja imefunguliwa hivyo hivyo, parafujo zake mezani, akatoka mbio bila kufunga kibanda.

Sanga, mwenye pikipiki anayeegesha karibu na kibanda, alikuwa anakula. "Vitengeni," Mbeyu alimwambia. Sanga alimtazama usoni mara moja, akaacha sahani yake.

Njia nzima Mbeyu alikuwa akizungumza peke yake ndani ya upepo. Aliona uso wa baba yake. Aliona lile paja la Gerishom, halafu akaliona kovu lile usoni pa baba: mdomo, meno, ulimi, macho. Alimwomba Mungu mzee awe amelala. Aliomba awe ameghadhibika na kuitupa. Hata, Mungu amsamehe, aliomba awe ameiba sigara kwa jirani na yuko nyuma ya choo anaivuta. Alimpigapiga Sanga mgongoni aongeze mwendo, na Sanga akaongeza mpaka vumbi jekundu likawafunika wote wawili.

Alimkuta mzee barazani, pale pale alipomfundishia. Kile kitu kilikuwa mkononi.

"Mbeyu? Kuna nini, mwanangu?"

"Baba, kiweke chini."

"Ngoja, sasa hivi hata sijakiwasha na kina joto. Nadhani ni jua, mama yako ndiyo kwanza ayateremshe maw—"

Mbeyu hakumwamkia. Hakusema shikamoo wala hodi. Alimnyang'anya, joto likamwunguza kiganja, na akakitupa katikati ya uwanja kwa nguvu zake zote. Kilianguka, kikabingirika, kikatulia. Kwa kitambo hakikufanya kitu, na mzee akaanza kufungua kinywa kumuuliza mwanawe ana wazimu gani. Ndipo kikapiga mluzi. Moshi mweupe ulitoka kwenye yale matundu mawili, ukafuatwa na ulimi wa moto mrefu, mkali, ukichimba mchanga. Kuku walitawanyika. Ganda la tochi likazunguka na kuzunguka likitapika, harufu yake ikiwachoma koo, na mzee akashikwa na kikohozi chake cha zamani, kile kile, mpaka akapiga magoti.

Nyale alitoka jikoni akiwa ameshika mwiko. Akatazama moto, akamtazama mumewe aliye magotini, akaweka mkono juu ya mdomo wake.

Hapo Mbeyu akasema neno ambalo hatalirudisha. Alikuwa ameshika kiganja kilichoungua, na hofu yote ya njiani ikatafuta pa kutokea. "Ulitaka kumuua!" alimpigia mama yake kelele. "Mimi nahangaika Malindi nimtafutie uzima, wewe huku unamuua kwa meno yako! Akili zako ziko wapi?"

Sanga, pale kwenye pikipiki, aligeuza uso. Kule kwao mtoto hamsemeshi mzazi hivyo, hata awe amekosewa vipi.

Nyale hakujibu kwa kelele. Alimwinua mumewe kwanza, akamkalisha, akamsugua mgongo mpaka pumzi zikarudi. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mawe ndivyo yanavyofanywa, Mbeyu. Mamangu aliyafanya hivyo. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupandisha kwenye mabati kuyaanika, kwa kuwa ulikuwa mwepesi. Nani aliniambia haya ni mengine?"

"Nilimwambia baba."

"Ulimwambia baba. Mimi nilikuwa hapo ndani nakupikieni chai. Ungeniita ningekuja."

Ni kweli kabisa. Mbeyu alizikataa betri za kuokoteza na za waongo, akapima, akachaji, akaomba Mungu, na katika hofu zake zote hakuifikiria nyumba aliyozaliwa. Mtu pekee duniani ambaye angefanya lolote mzee asirudie sigara ndiye aliyeachwa aangalie mahamri. Aliona aibu mpaka akatamani kile kiganja kimuume zaidi.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," alisema Nyale, lakini hakumtazama.

Mbeyu aliingia ndani kutafuta ile betri ya akiba. Ilikuwa kwenye kikasha chake, kama alivyoagiza. Alipoitoa akaziona alama za meno, mbili upande huu na mbili upande wa pili, ngozi imechanika pembeni. Nyale alikuwa mwadilifu. Alizihudumia zote mbili sawasawa. Mbeyu akaichukua kwa kitambaa mpaka mbali na nyumba, akaichimbia shimo mchangani, na aliporudi akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Nitakuletea nyingine, baba. Kesho. Nitaiziba kabisa isifunguke, na mama nitamfundisha kila kitu. Kwa Jignesh zipo. Naomba uvumilie leo tu."

Mzee alikuwa akiutazama mchanga ulioungua katikati ya uwanja. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka juu ya mapaja, na Mbeyu, aliyemtazama kwa miaka akijaribu kuacha, alijua si hofu peke yake inayoitetemesha.

"Mwanangu, umejitahidi," alisema. "Hakuna mtoto aliyenifanyia kama wewe. Lakini kile kitu sikitaki tena mdomoni mwangu."

"Baba, daktari alisema—"

"Najua alichosema. Sigara najua itaniua vipi. Nimezoeana nayo. Hicho chenu sikijui." Akavuta pumzi, ikapiga filimbi kifuani. "Niletee sigara, Mbeyu."

"Siwezi, baba."

"Basi nitakwenda mwenyewe." Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa, akaketi tena kwa kishindo. Akajaribu mara nyingine. Mbeyu alimtazama mama yake, akimwomba kwa macho aseme neno, amkataze, afiche kiberiti kama zamani. Nyale alikuwa ameketi kizingitini, amejifunika uso kwa leso yake.

"Mama?"

"Mimi sifanyi kitu tena," Nyale alisema kutoka ndani ya leso. "Nikifanya naua."

Mzee alikuwa akijaribu kuinuka kwa mara nyingine. Mbeyu akamshika mabega, akamrudisha kitini, akaenda yeye mwenyewe mpaka kwenye kioski cha jirani kununua sigara. Alilia njia nzima, kwenda na kurudi, bila kujificha, na waliomwamkia hakuwaitikia.

Mzee hakuweza kuiwasha, mikono ilimkataa. Mbeyu akachukua kiberiti, akapiga njiti, akaukinga moto kwa kile kiganja kilichoungua na kumsogezea. Mzee alipovuta mara ya kwanza mabega yake yalishuka, uso ukatulia, macho yakafumba kama ya mtu aliyefikishwa nyumbani.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Mbeyu alikaa hapo hapo chini, kiberiti mkononi, akingojea aanze kukohoa.